Baba kapewa dawa ya sonona baada ya kiharusi: ni ya mkono au ni ya huzuni?

SWALI: "Dokta shikamoo. Baba yangu ana miaka 64, hii ni wiki ya nne tangu apate kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu na kuongea ni shida, anaelewa unachomwambia ila maneno hayatoki. Skani ilionyesha damu iliganda kwenye mshipa, sio mshipa kupasuka. Siku ya kuruhusiwa tulipewa aspirini, dawa ya kolesteroli, mbili za presha (moja inamkojoza sana) alafu na pakiti imeandikwa Fluoxetine 20 mg, moja kila asubuhi. Duka la dawa wakatuambia hiyo ni ya watu wenye matatizo ya akili. Shangazi kagoma kabisa anasema kaka yake sio kichaa. Mdogo wangu nae kasoma mtandaoni kwamba inafanya ubongo ujijenge upya na mkono unarudi haraka, anataka tumpe mbili mbili. Baba mwenyewe analia hovyo, juzi kalia kisa taarifa ya habari, na mazoezi hataki. Mi ndo binti yake mkubwa, pakiti nimeificha kabatini hajameza hata moja. Tumpe au tusimpe? Na akikataa, naweza kumchanganyia kwenye chakula bila kujua?"

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa kumuuguza mzee. Naona shangazi anavuta huku, mdogo wako anavuta kule, na wewe ndo umebaki na pakiti mkononi. Nikujibu kwa kifupi kwanza alafu tuchambue. Kama lengo ni mkono upone haraka, hapana, hiyo dawa haitawafanyia hiyo kazi. Kama lengo ni sonona, yaani ile huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, na kweli anayo, basi ndiyo, na ni dawa nzuri tu, ila ni moja kwa siku kama ilivyoandikwa, sio mbili. Kwa hiyo kabla ya kubishana apewe au asipewe kuna swali moja halijaulizwa hapo nyumbani, nalo ni hili: daktari aliyeandika alikuwa anatibu nini?

Nianze na shangazi maana yeye ndo mwenye sauti kubwa. Fluoksetini sio dawa ya ukichaa. Iko kwenye kundi la dawa zinazoongeza serotonini, kemikali moja ambayo seli za ubongo zinaitumia kupashana habari, na inatumika kwa sonona, kwa wasiwasi uliopitiliza na kwa magonjwa mengine kadhaa. Haimfanyi mtu awe zezeta, haimlazi siku nzima, na sio kwamba akishaanza basi atakuwa mtumwa wake maisha yote. Watu wanaichanganya na dawa za usingizi, zile za kundi la diazepamu, ambazo ndo zinalevya na zinazoea mwilini, na niseme hapa hapa kwamba hizo mzee asipewe kiholela eti atulie usiku, maana mtu ambaye mguu mmoja hauna nguvu ukimlewesha anaanguka. Baba yenu kaumia ubongo. Ubongo ukiumia, kinachoyumba sio mkono na ulimi tu, hata sehemu zinazoongoza hisia zinayumba, kwa hiyo kumpa dawa inayogusa hisia hakumaanishi mtu kamwona kichaa. Mwambie shangazi hivyo, kwa heshima lakini umwambie.

Sasa mdogo wako. Asicheke nae mtu, alichosoma hakikutoka hewani, kina historia kabisa. Baada ya kiharusi seli zilizokufa zimekufa, hazirudi. Kinachomrudishia mtu nguvu ni zile zilizobaki hai kujifunza kazi ya wenzao, yaani barabara kubwa imefungwa kwahiyo ubongo unaanza kutafuta njia za panya, na njia hizo zinapatikana kwa wingi zaidi kwenye wiki na miezi ya mwanzo. Kwenye panya wa maabara ilionekana fluoksetini inaufanya ubongo wa mnyama mzima uwe mwepesi kubadilika, karibu kama wa mnyama mdogo, ndo watu wakajiuliza kwa nini tusijaribu kwa wagonjwa wa kiharusi?

Wakajaribu. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa walitoa matokeo ya utafiti ulioitwa FLAME, wagonjwa 118 wenye kiharusi cha kuganda damu na udhaifu mkubwa wa mkono na mguu, nusu wakapewa fluoksetini miligramu 20 kwa miezi mitatu kuanzia kati ya siku ya 5 na ya 10, nusu wakapewa kidonge bandia, yaani kinachofanana nacho ila hakina dawa ndani, na wote wakafanyishwa mazoezi. Kwenye kipimo cha nguvu na mwendo wa viungo chenye alama 100, waliomeza dawa walipanda kama alama 34, wengine 24. Sio kitu kidogo hicho. Dawa ni ya bei nafuu, imezoeleka, ipo kila mahali, na inaonekana inarudisha mkono, nani asingefurahi? Madaktari wengi dunia nzima wakaanza kuiandika, na habari zake zikasambaa mitandaoni mpaka leo zinazunguka. Hizo ndo alizokutana nazo mdogo wako.

Ila watu 118 ni wachache mno kwa swali zito kama hilo. Ndo zikaja tafiti tatu kubwa, zikapangwa makusudi zifanane ili majibu yake yaweze kuunganishwa: FOCUS ya Uingereza yenye wagonjwa 3,127, iliyotoka mwishoni mwa 2018, alafu mwaka 2020 zikatoka AFFINITY ya Australia, New Zealand na Vietnam yenye 1,280, na EFFECTS ya Sweden yenye 1,500. Dozi ni ile ile miligramu 20, muda ni miezi sita, na wote walianza ndani ya siku ya 2 mpaka ya 15. Jumla karibu watu 5,900. Majibu? Zote tatu zilisema kitu kimoja. Mwisho wa miezi sita, uwezo wa kutembea, kujihudumia, kurudi kwenye maisha yao, haukutofautiana kati ya waliomeza dawa na waliomeza bandia. Sio kwamba tofauti ilikuwa ndogo tukabishana, haikuwepo. Najua inauma kusikia hivyo mkiwa wiki ya nne na mnatafuta chochote cha kushika, lakini mimi naona ni heri ulijue sasa kuliko mtegemee kapsuli alafu mazoezi yakalala.

Na kuna upande wa pili ambao zile habari za mtandaoni hazikuwaambia. Kwenye utafiti wa Uingereza, kati ya kila watu 100 waliomeza fluoksetini kama watatu walivunjika mfupa ndani ya miezi sita, waliomeza bandia ni mmoja na nusu hivi. Australia na wenzake wakaona hivyo hivyo, tena na kuanguka kukaongezeka na degedege kidogo pia. Sweden nao wakaona mifupa kuvunjika zaidi, na wachache chumvi kwenye damu ikashuka. Ukiangalia asilimia ni ndogo, sikatai, ila mfikirie mzee mwenyewe: upande wake dhaifu mfupa tayari unapungua uimara kwa sababu hautumiki, mizani hana, usiku anaamka kwenda kukojoa maana dawa ya presha inamkojoza, alafu umuongezee kizunguzungu. Akivunja nyonga hapo mazoezi yamekwisha, amerudi kitandani. Kwahiyo kumpa mtu ambaye hana sonona ili tu mkono uwahi, faida hamna na hasara ipo. Na kumpa mbili mbili ndo kabisa, hakuna popote ilipoonekana kwamba ukiongeza dozi mkono unaongeza mwendo, mwambie mdogo wako nguvu hizo azipeleke kwenye kumfanyisha baba mazoezi, huko ndo zinahitajika.

Lakini usikimbilie kuitupa ile pakiti, maana hizo tafiti hizo hizo zilionyesha jambo lingine. Waliomeza dawa walipata sonona kidogo kuliko wenzao: Uingereza ni kama 13 kwa kila 100 dhidi ya 17, Sweden 7 dhidi ya 11. Kwa hiyo inachokifanya ndo kile kile ilichotengenezewa kufanya. Na sonona baada ya kiharusi sio jambo la kupuuza, takriban mtu mmoja kati ya watatu anaipata wakati fulani, na anayeipata mara nyingi anapona taratibu zaidi, sio kwa sababu ubongo wake ni tofauti bali kwa sababu hafanyi mazoezi, hali vizuri, anaacha dawa za presha, hataki kuona mtu. Hapo sasa dawa inaweza kumsaidia mkono kwa kuzunguka: mtu akipata moyo wa kuamka, anafanya mazoezi, na mazoezi ndo yanarudisha mkono. Ila hilo ni tofauti kabisa na kusema dawa inajenga ubongo.

Basi turudi kwenye swali ambalo halijaulizwa. Daktari alipoandika, inawezekana aliona sonona wodini. Inawezekana aliona kile kilio. Au inawezekana alikuwa anafuata mazoea ya ile miaka ya FLAME akaandika kwa ajili ya mkono, wapo bado wanaofanya hivyo. Mimi kutoka hapa siwezi kujua ni lipi, na nyie mna haki kabisa ya kuuliza: "Dokta, hii umempa kwa ajili ya nini, na tutajuaje kama imefanya kazi?" Daktari mwelewa hakasiriki kwa swali hilo. Kinachonikera mimi kwenye fani yetu ni huu mtindo wa kumruhusu mgonjwa na mfuko wa dawa tano bila maelezo, alafu maelezo familia inaenda kuyatafuta duka la dawa.

Sasa hicho kilio. Umesema juzi kalia kisa taarifa ya habari. Hapa kuna vitu viwili vinafanana kwa nje ila ndani ni tofauti, na naomba mkae mumwangalie vizuri kabla hamjaenda kliniki. Kuna kulia kusikozuilika, ambako kiharusi kimekata breki za hisia: mtu anaguswa kidogo tu, kaona mtoto, kasikia wimbo, mgeni kaingia, machozi hayo, yanakuja ghafla na yanakatika ghafla, ukimbadilishia mada anatulia, na ukimuuliza una huzuni anatikisa kichwa hapana, tena mwenyewe anaona aibu. Wengine badala ya kulia wanacheka, hata msibani. Hiyo sio sonona. Na ajabu yake ni kwamba hizi dawa za kundi la fluoksetini zinaisaidia hiyo pia, na wakati mwingine inatulia mapema kuliko sonona inavyochukua. Kama hali ni nyepesi wala haihitaji dawa, mkishajua ni nini na mkaacha kuogopa kila akilia, mkaendelea na maongezi kama kawaida, inapungua yenyewe kwa wengi.

Sonona yenyewe haina haraka hivyo. Inakaa. Karibu kutwa nzima, karibu kila siku, wiki mbili au zaidi, mtu hana raha na kitu chochote hata alivyovipenda, usingizi umevurugika, anaamka alfajiri na kukodoa macho, chakula hakitaki, anageukia ukutani, anajiona mzigo. Na hapa kwa baba yenu kuna mtego, maneno hayatoki, kwa hiyo hawezi kukwambia "nimekata tamaa" na madodoso ya kawaida ya kupima sonona hayamfai. Inabidi nyie mnaoishi nae muwe macho yake. Analia akiwa peke yake au mbele za watu tu? Akiletewa kitu alichokipenda uso unabadilika? Anakataa mazoezi kwa hasira, kwa uchovu, au kwa kutojali? Muulizeni maswali ya ndiyo na hapana anayoweza kujibu kwa kichwa au kwa kidole, mmoja mmoja, taratibu, bila kumalizia jibu lake. Andikeni mnachokiona kwa wiki moja mkampe daktari, hiyo karatasi itamsaidia kuliko kipimo chochote cha damu.

Na muwe makini, kutotaka mazoezi peke yake hakutoshi kuwa sonona. Kuna uchovu wa baada ya kiharusi, mzito sana, mtu ameoga tu amechoka kama kalima shamba zima, huo wala dawa ya sonona hauisikii sana. Kuna kutojali, ambapo mtu hana huzuni wala hana furaha, amekaa tu, ukimwambia simama anasimama, usipomwambia anakaa mpaka jioni. Kuna bega la upande dhaifu linauma, na kwa sababu hawezi kusema anakataa tu, tena mara nyingi linauma kwa sababu wanaomnyanyua wanamvuta kwa huo huo mkono. Acheni kumvuta mkono. Kama maumivu ndo yaliyokuwa yanamzuia, kuyatibu kutafanya kazi kubwa kuliko fluoksetini.

Tuseme mmeenda, daktari kamwangalia, kasema ni sonona au kile kilio kimezidi, na anashauri aanze. Mimi ningeanza bila kinyongo. Apewe asubuhi maana usiku inaweza kumnyima usingizi. Wiki ya kwanza anaweza kusikia kichefuchefu, tumbo kuvurugika, kutotulia kidogo, mara nyingi vinapita. Msitegemee kesho yake aamke anatabasamu, kwa kawaida ni wiki mbili mpaka nne ndo mabadiliko yanaanza kuonekana na inaweza kufika wiki sita au nane kujua kama kweli imemfaa, na kosa ninaloliona sana ni familia kuacha siku ya kumi kwa sababu "haijafanya kitu", yaani wamekula madhara yote ya mwanzo alafu wakaikimbia faida. Akipata nafuu anaendelea kwa miezi, mara nyingi sita hivi baada ya kupata nafuu, alafu inapunguzwa kwa mpangilio wa daktari. Isikatwe ghafla. Hailevyi, nimeshasema, ila ubongo ulioizoea ukinyang'anywa kwa mkupuo unalalamika: kizunguzungu, hasira, usingizi mbovu. Fluoksetini ni afadhali kuliko ndugu zake wengi kwa hilo maana inatoka mwilini polepole, lakini bado.

Sasa kwenye ule mfuko wake kuna mambo matatu ningependa daktari ayatazame. Aspirini na fluoksetini zote zinapunguza uwezo wa chembe sahani kugandisha damu, kwa hiyo zikiwa pamoja uwezekano wa kuvuja damu tumboni unaongezeka. Watu wengi wanazimeza pamoja na wako salama, ila kama mzee ana historia ya vidonda vya tumbo msikae nayo kimya, na msimwongezee diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu, hapo ndo mnaita balaa, parasetamoli inatosha. La pili, hiyo dawa ya presha inayomkojoza. Baadhi ya dawa za aina hiyo zinashusha chumvi ya kwenye damu, na fluoksetini nayo inaweza kuishusha, hasa kwa watu wa umri wake, zikikutana mtu anaanza kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na nyumbani mnadhani kiharusi kimerudi. Kipimo cha damu cha chumvi kabla ya kuanza na tena baada ya wiki chache ni kitu kidogo, ombeni. La tatu, asipewe tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, pamoja na hii bila daktari kujua, zikikutana zinaweza kupandisha serotonini kupita kiasi na pia kuleta degedege. Kama siku moja watambadilishia aspirini wampe klopidogreli, au warfarini, ambazo nazo ni za kuzuia damu isigande, mkumbusheni daktari kwamba yuko kwenye fluoksetini, maana inaingiliana na hizo na huenda wakamchagulia nyingine ya kundi lile lile. Kuna sehemu watu wanapewa amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, kwa sababu ni rahisi kupatikana, mimi kwa mzee aliyetoka kwenye kiharusi naikwepa nikiweza, inakausha mdomo, inazuia mkojo, inamchanganya akili na kumwangusha, na moyo nao inaweza kuuvuruga mapigo.

Na dawa sio njia pekee ya kutibu sonona, hilo nalo lisemwe. Kama ni nyepesi, wengi wanapata nafuu kwa kuongea na mshauri aliyesomea, japo kwa baba ambaye maneno hayatoki inabidi atafutwe anayejua kufanya kazi na watu wa namna hiyo, na mtaalamu wa kufundisha kuongea upya ni muhimu sana hapo, wakati mwingine sonona inapungua siku mtu anapopata njia ya kusema "nataka maji" bila kubahatisha. Ningependa kuona hayo yanaenda pamoja, dawa ikiwemo kama inahitajika.

Mkono sasa, maana najua ndo roho zenu zilipo. Kinachorudisha mkono ni kuutumia, kurudia kitendo kile kile chenye maana mara nyingi kwa siku: kushika kikombe, kufuta meza, kufungua mlango, kufunga kifungo. Kuunyoosha na kuukunja huku yeye kalala anatazama dari kunazuia usikakamae, ni sawa, ila peke yake hakutoshi kuufundisha ubongo. Na sio lazima mmkomoe. Kulikuwa na utafiti mkubwa uliotoka 2015, wagonjwa zaidi ya 2,000, ukaonyesha kwamba kumnyanyua mgonjwa mapema sana ndani ya saa 24 za kwanza na kwa nguvu nyingi hakukusaidia, waliopewa huduma ya kawaida ndo waliishia vizuri zaidi, na vipindi vifupi vifupi vya mara kwa mara vilionekana bora kuliko virefu. Nyie mmeshavuka hizo siku, lakini funzo la vipindi vifupi bado linawafaa, dakika kumi, apumzike, tena dakika kumi, hasa huyu anayesema kachoka. Miezi mitatu ya mwanzo ndo yenye mabadiliko makubwa, hapo mdogo wako yuko sahihi kabisa kuwa na haraka. Ila haiishii hapo, watu wanaendelea kupata kidogo kidogo mwaka na zaidi, asije mtu akawaambia miezi mitatu ikipita basi.

Kuna hali ambazo hamtasubiri siku ya kliniki. Akionyesha kwa namna yoyote kwamba anataka kufa au kujidhuru, kwa ishara, kwa kukataa kula na dawa kabisa, kwa kuficha vidonge, msimwache peke yake, toeni dawa na vitu vya hatari karibu yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mdomo ukipinda upya, udhaifu ukiongezeka ghafla, maneno yakipotea zaidi ya alivyokuwa, kichwa kikali cha ghafla, degedege, hiyo ni dharura, hata kama mnadhani ni dawa tu. Choo cheusi kama lami au kutapika damu, dharura. Kuchanganyikiwa kunakoongezeka siku hadi siku, au kutetemeka na joto kali na misuli kukaza baada ya kuanza dawa, hiyo pia ni ya kuondoka saa hiyo. Akianguka, hata kama anaonekana sawa, na mguu hautaki kukanyaga, apigwe picha ya nyonga.

La mwisho ulilouliza, kumchanganyia kwenye chakula bila kujua. Hapana dada. Najua unafanya kwa mapenzi, lakini mzee anaelewa unachomwambia, wewe mwenyewe umesema, maneno tu ndo hayatoki. Mtu ambaye kapoteza mkono, mguu na ulimi kwa siku moja, akija kugundua na chakula chake sio cha kukiamini tena, atagoma kula, na hapo umepata tatizo kubwa kuliko la mwanzo. Kaa nae wakati katulia, bila shangazi wala mdogo wako, umuonyeshe pakiti, umwambie kwa sentensi fupi fupi: baba hii ni ya huzuni na kulia, daktari anadhani itakusaidia, tunaweza kujaribu alafu tuone. Mpe muda wa kutikisa kichwa. Akikataa leo, muulize tena wiki ijayo, au mwombe daktari amweleze mwenyewe. Na hata akikubali, kwanza hakikisheni kumeza kwake kumepimwa, maana kiharusi kinachogusa ulimi mara nyingi kinagusa na koo, kama anakohoa akinywa maji au sauti inakuwa ya majimaji baada ya kula, semeni kliniki kabla ya kumpa kapsuli yoyote, hii dawa ipo pia ya maji na daktari anaweza kumbadilishia.